Kuchimba Kisima na Kukitunza

Katika historia, majina ya waliojenga hukumbukwa kuliko majina ya waliotunza. Mfalme aliyejenga ngome hutajwa vitabuni. Mzee aliyeziba nyufa za ngome hiyo kwa miaka arobaini hatajwi. Visima navyo vimepata fungu hilo hilo. Siku kisima kinapofunguliwa, wakubwa huhudhuria, hotuba hutolewa na watu hushangilia. Siku mpira wa pampu unapolika, hakuna mgeni anayefika. Hata hivyo, siku hiyo ya pili ndiyo iamuayo kama watu watakunywa au watahama. Insha hii yataka kuonyesha jambo hilo kwa historia ya maji katika nchi ya Wajir, kaskazini-mashariki ya Kenya, tokea visima vya kale vilivyochimbwa kwa mikono hata pampu ambazo leo hufungwa katika nyua za watu.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Griftu iko magharibi ya mji wa Wajir. Nchi ni tambarare, miti yake mingi ni ya miiba, na hakuna mto utiririkao mwaka mzima. Ewaso Ng'iro, uliozaliwa katika nyanda za juu za Kenya, hufika ukingoni mwa nchi hii ukiwa umechoka, nao hupotea katika kinamasi cha Lorian. Mvua huja mara mbili: ya gu, kuanzia mwezi wa Aprili, na ya deyr, kuanzia Oktoba, nayo aghalabu haizidi sana milimita 300 kwa mwaka mzima. Kati ya deyr na gu kuna kiangazi kikali ambacho Wasomali hukiita jilaal. Wakati huo mabwawa hukauka, na mtu na mnyama hutegemea kile kilichomo chini ya ardhi. Ngamia mmoja mwenye kiu aweza kunywa kiasi cha lita 100 kwa mara moja. Basi afikiri msomaji, mwenye ngamia thelathini afike kisimani akute hakitoi maji: safari ya kwenda kisima kingine yaweza kuwa ya siku mbili, na si wanyama wote watakaofika.

Kwa sababu hiyo mji wa Wajir ulizaliwa mahali ulipozaliwa. Chini yake mna mawe ya chokaa yenye maji yasiyo mbali na uso wa nchi, na watu wa kale walivichimba hapo visima vingi. Nani aliyevichimba? Mapokeo ya wenyeji husema kwamba ni kazi ya Madanle, watu wa zamani waliosifiwa kwa vimo vikubwa na nguvu nyingi, ambao walikwisha kuondoka au kuchanganyika na wengine. Jina la Wajir lenyewe husemekana kuwa na maana ya kukusanyika, kwa kuwa koo mbalimbali zilikutana hapo kunywesha mifugo. Serikali ya Kiingereza ilipotaka kituo cha utawala katika sehemu hizo mwaka 1912, ilikiweka hapo hapo penye visima. Aliyeshika maji alishika nchi.

Mwanafunzi wa historia asiishie hapo. Kisima kilichochimbwa karne nyingi zilizopita, kikiachwa, hakidumu. Upepo hukitia mchanga, kwato za wanyama huvunja ukingo wake, na mawe huporomoka ndani. Kama visima vya Wajir vingali vikitoa maji leo, sababu yake si nguvu za Madanle peke yake. Sababu ni kwamba, kizazi baada ya kizazi, walikuwako watu walioshuka ndani kuzoa mchanga na kuurudishia ukingo mawe yake.

Kazi hiyo haikufanywa kwa hiari ya mtu tu. Ilikuwa na sheria. Mfano ulio wazi sana ni wa jirani zao, Waborana, ambao visima vyao virefu viko kusini ya Ethiopia na kuelekea mpaka wa Kenya. Kwao kila kisima kina mtu aliyeanzisha uchimbaji wake, naye huitwa konfi. Heshima na dhima ya kisima hurithiwa na uzao wake. Kisha kuna mtu mwingine aitwaye abba herega, yaani baba wa zamu. Huyu husimamia nani anyweshe leo na nani kesho, na huhakikisha kwamba birika la udongo limekandikwa na njia ya mifugo imefagiliwa. Watu husimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kwa wimbo. Anayekataa kutoa vijana wa kufanya kazi hujikuta nyuma ya zamu. Maji hayakuuzwa, lakini hayakuwa ya bure vilevile: bei yake ilikuwa jasho la kutunza.

Katika utaratibu huo mna mambo matatu, nami ninamwomba msomaji ayaweke moyoni, maana tutayahitaji mbele. La kwanza, kila kisima kilikuwa na mwangalizi anayejulikana. La pili, kila mnywaji alichangia matengenezo. La tatu, kila chombo kilichotumika kiliweza kutengenezwa papo hapo, kwa ngozi, kwa udongo na kwa miti ya mahali pale.

Sasa na tuiangalie pampu. Wengi hudhani kwamba pampu ni chombo cha juzi, kumbe asili yake ni ya kale. Katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Kristo, mjini Alexandria katika Misri, aliishi fundi aitwaye Ctesibius, ambaye husifiwa kwa kubuni pampu yenye silinda na pistoni. Mwaka 1206 mwanachuoni wa Kiislamu, al-Jazari, alimaliza kitabu cha mitambo ambamo alieleza pampu ya silinda mbili iendeshwayo kwa gurudumu. Hata hivyo, kwa muda mrefu mafundi walisumbuliwa na fumbo moja: pampu inayovuta maji kutoka juu haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, hata ikiwa imetengenezwa vizuri namna gani. Mtaliani Evangelista Torricelli, katika miaka ya 1640, ndiye aliyelifumbua. Alionyesha kwamba pampu haiyanyanyui maji kwa kuyavuta. Uzito wa hewa iliyo juu ya maji ndio unaoyasukuma yapande katika bomba lililoondolewa hewa, na uzito huo una kikomo. Kwa matumizi ya kawaida kikomo hicho ni kama mita 7.

Elimu hii ina faida kubwa kwetu. Kisima kikiwa na kina kirefu, silinda yapasa kuteremshwa chini mpaka ndani ya maji, na pistoni iendeshwe kwa fito za chuma zitokazo kwenye mpini juu. Pistoni inapopanda hunyanyua maji yaliyo juu yake, na vali ya chini hufunguka kuingiza mengine. Inapotelemka, vali ya chini hujifunga, na maji hupita katika vali ya pistoni. Ndiyo siri yote. Lakini angalia jambo moja: sehemu zinazosuguana ziko chini shimoni, mahali jicho lisipofika. Ukingo wa kisima cha kale ukibomoka kila mtu huona. Mpira wa pistoni ukilika, hakuna aonaye mpaka maji yamekatika.

Katika nchi za kaskazini mitambo ya kutoboa ardhi ilikuja kwa wingi pamoja na vita. Mwaka 1940 majeshi ya Uingereza na washirika wake yalijiandaa kupigana na Waitaliano waliokuwa Somalia na Ethiopia. Askari maelfu na magari yao wasingeweza kuvuka nchi kame bila maji. Kwa hiyo wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walitafuta maji kwa vipimo vya kijiolojia na kutoboa visima virefu. El Wak, ambayo jina lake lina maana ya visima vya Mungu, ilishambuliwa mwezi wa Desemba mwaka ule. Baada ya hapo mwanajiolojia Frank Dixey alichunguza maji ya wilaya ya mpaka wa kaskazini, na kwa mashauri yake serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuongeza mabwawa na visima vya kutoboa, ili malisho yaliyokosa maji yapate kutumiwa.

Visima hivyo viliokoa wengi, wala si haki kuvidharau. Lakini pamoja navyo kulikuja mabadiliko ambayo watu wachache waliyatambua mara moja. Kisima cha mikono kilihitaji watu wengi wenye maarifa kidogo kidogo. Mtambo wa dizeli ulihitaji mtu mmoja mwenye maarifa mengi, na mafuta na vipuri kutoka mbali. Mtu huyo akihamishwa, maarifa yaliondoka naye. Tena, zamani baba wa zamu aliweza kusema, "Malisho ya hapa yamechoka, nendeni kwingine." Mtambo haukuwa na ulimi wa namna hiyo. Palipokuwa na maji mwaka mzima mifugo ilikaa mwaka mzima, na majani yakaisha kuzunguka kisima mpaka nchi ikawa tupu. Basi yale mambo matatu tuliyoyataja yalipungua yote: mwangalizi alikuwa mtumishi wa serikali ya mbali, mnywaji hakuwa na sehemu katika matengenezo, na chombo hakikuweza kutengenezwa kwa vitu vya mahali pale.

Kenya ilipokwisha kupata uhuru ilikuwa na nia njema na haraka nyingi. Katika mpango wa maji wa mwaka 1974 serikali ilikusudia kila nyumba ipate maji safi karibu nayo ifikapo mwaka 2000. Umoja wa Mataifa nao uliitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji safi duniani. Pampu za mkono zilifungwa kwa maelfu katika Afrika na Asia. Muongo ulipokwisha, na hata miaka mingi baadaye, watafiti waliopita vijijini walikuta pampu zilizosimama kama masanamu. Hesabu iliyokusanywa mwaka 2009 kutoka nchi 20 za Afrika ilionyesha kwamba kama pampu moja katika kila tatu haikuwa ikifanya kazi. Nyingi hazikuwa zimekosa maji chini. Zilikuwa zimekosa mpira, fito, spana, na mtu.

Jawabu moja lilipatikana hapa hapa Kenya, katika wilaya ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mradi wa kujaribu pampu za mkono, ukisaidiwa na Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa, pamoja na shirika la Kikenya liitwalo KWAHO. Wahandisi walijiuliza swali jipya. Badala ya kutafuta pampu isiyovunjika kamwe, walitafuta pampu ambayo ikivunjika mwanakijiji ataweza kuitengeneza. Kutokana na majaribio ya Malawi na ya Kenya ilizaliwa pampu iitwayo Afridev. Hufaa kwa visima vya kina cha mita 45 hivi. Bomba lake ni la plastiki, haliliki kwa kutu. Na pistoni na vali yake ya chini huweza kutolewa kwa kupitia ndani ya bomba hilo, bila kung'oa bomba lenyewe. Kazi iliyohitaji gari na winchi ikawa ya watu wawili na spana.

Lakini chombo peke yake kisingetosha. Huko Kwale kila kisima kiliwekewa kamati ya wanakijiji wenyewe. Wanawake, ambao ndio wachotaji na ndio wa kwanza kutambua kwamba mpini umekuwa mwepesi au maji yamechelewa, walifundishwa kuwa waangalizi wa pampu na waweka hazina. Michango ilikusanywa kabla pampu haijaharibika. Msomaji ataona kwamba yale mambo matatu ya kisima cha kale yamerudi: mwangalizi anayejulikana, mchango wa kila mnywaji, na chombo kitengenezekacho papo hapo. Wazee wa visima vya kaskazini wangeutambua utaratibu huo.

Na bado kazi haikuwa imekwisha, maana kamati nazo huzeeka, na fedha za wengi huvutia mikono ya wachache. Mwaka 2013 huko Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga katika mipini ya pampu vyombo vidogo vyenye laini ya simu. Chombo kilihesabu jinsi mpini ulivyopigwa, na kilipopeleka habari kwamba pampu imenyamaza, fundi alitumwa. Kabla ya hapo watu walingoja matengenezo kwa wastani wa siku 27 hivi. Baada ya hapo walingoja chini ya siku 3. Maji yalikuwa yale yale na pampu zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwako mtu aliyewajibika kusikia pampu ikinyamaza.

Sasa tuje nyumbani, maana katika siku zetu watu wengi wana kisima chao na pampu yao uani, ama ya mkono, ama ya umeme wa jua. Mambo ya kuitunza si mengi, na mwanafunzi wa shule ya sekondari ayaweza yote.

Auangalie kwanza mdomo wa kisima. Sakafu ya saruji isiwe na ufa, iwe na mwinamo, na maji yamwagikayo yachukuliwe mbali kwa mfereji; choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi, na birika la mifugo lisiwe karibu na bomba. Mji wa Wajir, wenye visima vifupi, umepatwa na kipindupindu mara kadhaa. Uchafu wa juu hupata njia ya kuingia chini. Tena asikilize mkono wake. Ikiwa jana maji yalitoka kwa mapigo matano ya mpini na leo yanataka kumi na tano, vali ya chini inavuja au bomba lina tundu. Yakitoka upesi lakini machache, mpira wa pistoni umelika. Mpini ukiwa mwepesi kabisa na maji hayatoki, fito imekatika au kufunguka. Yakija na mchanga, asiendelee kupiga, maana mchanga husaga mipira kama jiwe la kusagia. Amwite fundi achunguze kisima. Kwa pampu ya jua, vumbi lifutwe juu ya paneli asubuhi kabla hazijapata moto, nyaya zikaguliwe, tangi lisafishwe, na pampu isiachwe kuzunguka pasipo maji, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayoipoza. Pawe na swichi ya kuizima maji yanaposhuka.

Kisha awe na daftari. Humo ataandika tarehe, kilichoharibika, kilichonunuliwa na bei yake. Kila mwezi ateremshe kamba yenye uzito na apime kina cha maji. Baada ya miaka michache ataweza kujua kama maji hushuka kwa jilaal na kurudi kwa gu, au yanashuka bila kurudi. Na kama hayarudi, familia na majirani wanachota kuliko ardhi inavyoweza kulipa. Pampu ya mkono ilichosha mwili, na uchovu huo ulizuia israfu. Jua halichoki. Basi kipimo kilichokuwa katika mikono ya mwanadamu sasa hakina budi kuhamia katika akili yake.

Wako watakaosema kwamba hayo yote ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010 imeyahesabu maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na tangu mwaka 2013 serikali za kaunti zimepewa huduma za maji. Wananchi wana haki ya kuidai haki hiyo, nao waidai bila woga, hasa katika sehemu zilizosahauliwa kwa muda mrefu. Lakini mpira wa pistoni haungoji bajeti. Katika ukame uliodumu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo isiyo na idadi ilikufa. Mwaka wa namna hiyo kipuri kidogo chaweza kuwa kipenyo kati ya uhai na mauti. Na pampu ya mahali inaponyamaza, aghalabu anayepewa madumu na kutumwa mbali ni msichana, na kitabu chake hubaki kimefungwa. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta; na katika nchi kame huenda asipatikane hata wa kuujenga.

Madanle hatujui walisema lugha gani wala walikwenda wapi. Lakini tunajua kwamba baada yao walikuja wengine, ambao hawana hata jina la ukoo katika mapokeo, wakashuka visimani kwa kamba na kupanda na mchanga vichwani. Kisima ambacho mtoto wa Wajir hunywa maji yake leo kilichimbwa mara moja tu. Kuzolewa mchanga, kimezolewa mara zisizohesabika.